Logainm, hifadhidata ya majina ya mahali ya Ayalandi: tathmini ya mtumiaji wa Nairobi

Logainm ni hifadhidata ya bure ya majina ya mahali ya Ayalandi. Inatunzwa na Chuo Kikuu cha Dublin City kwa ushirikiano na tawi la serikali linalosimamia majina ya mahali, na imekuwa wazi kwa umma kwenye intaneti tangu mwaka 2008. Mimi nimeitumia kwa kazi ambayo huenda walioiunda hawakuiwazia, yaani kutambua, nikiwa hapa Nairobi, vijiji walikozaliwa mapadre na watawa wa Kiayalandi waliojenga parokia na shule zetu, kwa ajili ya kitabu cha jubilei ya parokia moja ya Eastlands. Naitanguliza hukumu yangu ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda: kwa anayetafuta mahali padogo pa mashambani, sijapata huduma ya kulipia inayoikaribia hii ya bure, na ubora wake unatokana na jinsi kila jina linavyoonyeshwa likiwa ndani ya ngazi zote za ardhi za zamani, ikiwemo ile ambayo watafutaji wengi huiruka, baroni.

Ngazi hizo zinahitaji maelezo kabla sijaendelea, kwa sababu asiyezifahamu atafungua tovuti, ataona orodha ndefu ya majina yanayofanana, kisha ataifunga. Ayalandi ina majimbo 4 ya kihistoria, Ulster, Munster, Leinster na Connacht, ambayo yamegawanyika katika kaunti 32. Kati yake 26 ziko katika Jamhuri na 6 ziko Ayalandi ya Kaskazini. Hapo ndipo wengi wetu huishia, kwa kuwa kaunti tunaijua. Chini ya kaunti kuna baroni, ambayo hapa ni eneo la ardhi na haihusiani na mtu mwenye cheo. Baroni zinapita 300 kidogo, na nyingi zilifuata mipaka ya himaya ndogo za koo za Kigaeli zilizokuwepo kabla ya Wanormani kufika katika karne ya 12. Chini ya baroni kuna parokia za kiraia, takriban 2,500. Chini yake kabisa kuna kile ambacho kwa Kiswahili naona tukiite kitongoji, ingawa vitongoji vya Ayalandi ni vipande vya ardhi vyenye mipaka iliyopimwa, wawe watu wanaishi humo au wasiishi. Vinapita 60,000, na kwa wastani kimoja kina ukubwa wa ekari 325 hivi.

Mkenya hatapata shida kuelewa jinsi eneo linavyoweza kupoteza mamlaka na bado likaendelea kuishi katika karatasi. Hatimiliki inayoanza kwa maneno Dagoretti/Riruta inataja eneo la usajili wa ardhi, na mwenye shamba hulitaja bila kujali mipaka ya wadi anayopigia kura imesogezwa mara ngapi. Baroni za Ayalandi zimepitia jambo la namna hiyo. Katika miaka ya 1650, William Petty alipoongoza upimaji wa ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wakatoliki na kugawiwa askari na wadai wa Uingereza, ramani zake zilichorwa kwa baroni na kwa parokia. Baadaye, mabaraza ya wenye mali yaliyosimamia kaunti yalikusanya kodi ya barabara na madaraja kwa baroni. Kisha sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1898 ikahamishia kazi hizo kwa mabaraza mapya ya kuchaguliwa, na tangu hapo baroni haina ofisi, haina kiongozi wala bajeti. Hata hivyo haikufutwa, na nyaraka za karne nzima zilizotangulia zimepangwa kwa kuifuata. Asiyeijua baroni anashika ufunguo mmoja huku mlango una kufuli mbili.

Jaribio langu kubwa lilikuwa Kilcommon. Padre mmoja aliyetumikia parokia yetu kwa miaka mingi, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa ndugu zake wangali hai, aliandikwa katika taarifa ya kifo chake kuwa mzaliwa wa Kilcommon, kaunti ya Mayo. Kamati ilikuwa imekwisha kulipia huduma moja ya kigeni ya kutafuta nasaba, ambayo hutozwa kwa dola kila mwezi na kujihuisha yenyewe usipoikomesha mapema. Huduma hiyo ilitupa alama nyekundu kwenye ramani karibu na mji mdogo wa Hollymount, kusini mwa Mayo, sehemu ya malisho iliyo mbali na bahari. Alama hiyo ilikuwa tayari kuchapishwa hadi pale mama mmoja wa kamati, aliyekuwa mwanakwaya enzi za padre huyo, alipoinua kichwa kutoka kwenye rasimu akauliza, “Mwalimu, hao watu wa Kilcommon ni wa pwani au wa bara? Padre kila mara alikuwa akituhadithia mashua na samaki wa nyumbani kwao.”

Swali hilo halikuweza kujibiwa na huduma ya kulipia, kwani ilikuwa na Kilcommon moja tu katika Mayo. Logainm inazo zote mbili, kila moja ikiwa na baroni yake pembeni: parokia ya kiraia ya Kilcommon katika baroni ya Kilmaine, ndiyo hiyo ya Hollymount, na parokia ya kiraia ya Kilcommon katika baroni ya Erris, kaskazini-magharibi kabisa mwa kaunti, ambako nchi ni ya mboji yenye maji, upepo wa Atlantiki na ghuba zinazoingia ndani ya ardhi. Kaunti moja, jina moja, baroni mbili tofauti kati ya tisa zilizomo Mayo. Barua ya zamani kutoka shirika lake ilitaja kitongoji cha Rossport. Nilipoliandika jina hilo, ukurasa ukafunguka na mfuatano wote ukawa mbele yangu: Rossport, kwa Kiayalandi Ros Dumhach, katika Kilcommon, katika Erris, katika Mayo. Rossport iko kando ya ghuba. Mama yule hakuhitaji kuonyeshwa mara mbili.

Naamini mfano huu unaeleza thamani ya chombo kuliko sifa zozote ambazo ningeweza kuziorodhesha. Majina ya Ayalandi yanajirudia kwa kiwango cha kuchosha, hasa yale yanayoanza kwa Kil-, ambayo mengi yanatokana na kanisa dogo la kale, na makanisa ya aina hiyo yalikuwa kila upande. Tafuta Kilmore uone: kuna parokia ya Kilmore katika baroni ya Bargy kaunti ya Wexford, nyingine katika Erris hiyohiyo ya Mayo, nyingine Oneilland West katika Armagh, nyingine Loughtee Upper katika Cavan, na hizo si zote. Anayeandika “Kilmore, Ireland” kwenye bamba la shaba la ukumbi wa parokia, kama nilivyokwisha kuona mahali, hajaandika chochote ambacho mtu anaweza kukifuata.

Jambo la pili ambalo Logainm inalishughulikia vizuri, na ambalo linatuhusu sana sisi tunaofuatilia habari za Kanisa, ni kuitenga parokia ya kiraia na ile ya Kikatoliki. Sisi tukisikia parokia tunawaza padre, jumuiya ndogondogo na Misa ya Jumapili. Katika Ayalandi mfumo wa parokia ulikua kutokana na mageuzi ya Kanisa ya karne ya 12. Baada ya utawala wa Kiingereza kulifanya Kanisa la Kianglikana kuwa kanisa la dola, mipaka ile ya kale ilibaki mikononi mwake na mikononi mwa serikali, na ndiyo inayoitwa sasa parokia za kiraia. Kwa mipaka hiyo Wakatoliki, ambao walikuwa wengi, walitozwa zaka ya kulisha mapadre wa kanisa lisilo lao. Madaftari ya makadirio ya zaka ya kati ya 1823 na 1838 yamepangwa kwa parokia hizo, na ni miongoni mwa nyaraka chache za wakati huo zinazotaja wakulima wadogo kwa majina. Kanisa Katoliki, likiwa limenyang'anywa majengo na mapato, lilijipanga upya kulingana na mahali waumini walipo. Kwa hiyo parokia moja ya kiraia inaweza kuwa ndani ya parokia mbili au tatu za Kikatoliki. Kilcommon ya Erris ni pana kiasi kwamba Wakatoliki wa sehemu ya Bangor Erris wana parokia yao ya Kiltane, na parokia zote za Kikatoliki za eneo hilo ni za jimbo la Killala, ilhali Kilcommon ya Kilmaine iko upande wa jimbo kuu la Tuam. Ungekwenda kutafuta ubatizo wa babu wa padre wetu katika daftari la Tuam ungesoma kurasa nyingi za Kilatini bila kumwona.

Madaftari hayo ya Kikatoliki yanapatikana bure katika tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi tangu Julai 2015, kama picha za kurasa zenyewe, na mengi yanakoma karibu na mwaka 1880. Maktaba haikuweka faharasa ya majina ya watu. Ni lazima ujue parokia kwanza, kisha usome kwa jicho ukurasa baada ya ukurasa. Ndiyo maana naihesabu Logainm kuwa hatua ya kwanza, na maktaba hatua ya pili. Anayeanza na maktaba anaanzia kati.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya ngazi za ardhi ziwe na uzito mkubwa namna hii katika utafiti wa Ayalandi. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za serikali katika Four Courts, majengo ya mahakama mjini Dublin, lililipuka na kuungua, na pamoja nalo sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri za serikali yenyewe. Mtafiti wa Uingereza hufuata familia moja sensa baada ya sensa. Mtafiti wa Ayalandi hana njia hiyo, hivyo hulazimika kumfuata mtu kupitia ardhi aliyokalia. Nyaraka kuu iliyobaki ni uthamini wa ardhi ulioongozwa na Richard Griffith na kuchapishwa kati ya 1847 na 1864, uliomwandika kila mwenye kukalia nyumba au shamba, pamoja na jina la aliyemkodisha, ukubwa kwa ekari, na thamani kwa pauni, shilingi na peni. Umepangwa kwa kaunti, baroni, parokia, kitongoji. Ni ngazi zilezile ambazo Logainm inakupa, kwa mpangilio uleule, na nakala yake pia husomwa bure mtandaoni.

Sensa za 1901 na 1911 zilisalimika, na Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi imeziweka wazi bila malipo. Hapa ndipo mgeni hujikwaa, kwa sababu tovuti ya sensa hukuongoza kutoka kaunti hadi eneo la uchaguzi, kisha kitongoji. Baroni na parokia hazionekani katika mlolongo huo. Eneo la uchaguzi mara nyingi huitwa kwa jina la kitongoji kimoja kilichomo, kwa hiyo unaweza kupita karibu na nyumba unayoitafuta usijue. Dawa yake iko katika Logainm, ambayo kwenye ukurasa wa kitongoji hutaja eneo la uchaguzi pamoja na parokia na baroni. Tena, ukishaifungua picha ya fomu yenyewe ya sensa, ile inayoitwa B1, utaona juu yake nafasi zilizojazwa kwa mkono na konstebo: kaunti, jimbo la bunge, muungano wa sheria ya maskini (eneo la kusimamia misaada kwa maskini), eneo la uchaguzi, kitongoji, baroni, parokia. Chini yake kuna mistari ya nyumba. Kuta za mawe, matofali au saruji hupewa 1, za udongo au mbao hupewa 0. Paa la vigae, bati au sleti hupewa 1, la nyasi 0. Kisha idadi ya vyumba, kisha madirisha ya mbele, halafu jumla inayoamua nyumba ni ya daraja gani. Wanakamati waliokulia katika nyumba za udongo na nyasi waliitazama fomu hiyo kwa muda mrefu kuliko walivyotazama picha yoyote ya kasri, na mjadala uliofuata kuhusu mapadre wa “ulaya” ulikuwa mtamu kiasi cha kutusahaulisha ajenda.

Kuhusu matumizi ya kila siku, sina mengi ya kulalamikia. Kurasa ni nyepesi, zinafunguka vizuri kwenye simu hata kwa kifurushi kidogo cha data, isipokuwa ramani, ambayo ni afadhali uiache hadi upate mtandao wa ofisini. Huhitaji kujiandikisha wala kutoa namba ya kadi. Lugha ni Kiayalandi na Kiingereza, na unabadilisha kwa kubofya mara moja. Majina mengi yana sauti iliyorekodiwa, faida kubwa kwetu, kwa sababu tahajia ya Kiayalandi haisomeki kwa kukisia. Msomaji wetu wa siku ya jubilei alifanya mazoezi ya Ros Dumhach kwa kusikiliza simu akiwa ndani ya matatu. Kwa baadhi ya majina kuna pia picha za kadi za utafiti zenye maandishi ya mkono, zikionyesha jinsi jina lilivyoandikwa katika nyaraka za karne mbalimbali. Kwa mtu wa kawaida kadi hizo ni nyingi mno. Kwa mwanahistoria huenda zikawa ndizo bora kuliko yote.

Mipaka yake nayo isemwe. Logainm ni ya majina ya mahali, kwa hiyo usitegemee kupata mtu humo. Inaeleza mahali paliko ndani ya nini, lakini anayetaka kujua kitongoji kimepakana na vitongoji gani, au kina ekari ngapi, atasaidiwa zaidi na townlands.ie, tovuti ya wanaojitolea iliyojengwa juu ya ramani huria ya OpenStreetMap, inayochora mpaka wa kila kitongoji, kutaja majirani zake na kuweka viungo vya kuelekea Logainm. Nimezoea kuzifungua mbili hizo pamoja. Aidha, tahajia ya Kiingereza katika nyaraka za mashirika ya kimisionari hailingani kila mara na ile iliyowekwa na wapima ramani wa miaka ya 1820 hadi 1840, kwa hiyo jina lisipopatikana jaribu kuondoa herufi moja ya mwisho, au tafuta kwa sehemu ya jina tu ndani ya kaunti unayoijua. Mpangilio wa utafutaji unaruhusu hilo.

Kwa parokia na shule nyingine za Nairobi zinazojiandaa kwa jubilei, na ziko kadhaa, kwa maana Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921 na Mapadre wa Kiltegan, shirika lililoanzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha Kiltegan kaunti ya Wicklow, wameacha alama hadi Turkana, ushauri wangu ni kutolipia chochote hadi mtakapokuwa mmemaliza njia ya bure. Anzeni na karatasi mlizonazo: barua, vyeti vya ubatizo, taarifa za vifo, maandishi nyuma ya picha. Tafuteni jina dogo kuliko yote lililoandikwa humo, hata kama linaonekana si la maana, kwa sababu kitongoji kina uwezekano mkubwa wa kuwafikisha kuliko kaunti. Liingizeni katika Logainm, mwandike mfuatano wote hadi kaunti, baroni ikiwemo, halafu ndipo mwende kwenye sensa, uthamini wa Griffith na madaftari ya ubatizo. Sisi tulikomesha ile huduma ya dola mwezi uliofuata, na fedha zilizobaki zikaingia katika gharama ya kuchapisha kurasa za rangi.